Siku Baba Mkwe Alipoingia Hewani

Nikiulizwa kazi yangu, nacheka kwanza ndipo nijibu. Mimi ni mwandishi wa habari za nje wa televisheni moja ya Nairobi. Watu wakisikia hivyo wananiwazia kwenye viwanja vya ndege, nimevaa kizibao cha kuzuia risasi, napiga kelele upepo ukinipeperusha nywele. Nje yenyewe ni Tarime. Ni Itiryo nilikozaliwa, Gorong'a nilikoolewa, Nyarero ninakonunua vitunguu, na nikijitutumua sana ni Mugumu na Nata, kule wilaya ya Serengeti. Kwa Nairobi hizo zote ni nchi za watu. Mtangazaji wao anakunja uso, anasema, "Na sasa tuelekee ng'ambo ya mpaka," halafu natokea mimi, na nyuma yangu anapita mbuzi wa mama mdogo.

Hata simu yangu haijui niko wapi. Nipo jikoni kwa mama, Itiryo, namenya ndizi, inalia. Naifungua kwa mkono wa maganda, naambiwa karibu Kenya, furahia safari yako. Nikihamia upande wa pili wa jiko nakaribishwa Tanzania. Mama anauliza nani huyo anayenitafuta kila mara, namwambia ni serikali mbili zinanigombea. Anasema mwenye bahati ni mimi, yeye hata moja haijawahi kumtafuta.

Kazi hii nilijifunzia kwa ng'ombe. Nilianza kwenye redio ndogo ya Tarime mjini, nikasoma matangazo ya mifugo iliyopotea. Mtu anaingia anahema, anasema ng'ombe wangu hayupo, ni mwekundu. Mwekundu! Wekundu Tarime wamejaa. Basi namkalisha, namuuliza pembe zake zimeelekea wapi, ana baka sehemu gani, akitembea anachechemea mguu upi, ana tabia gani mbele ya maji. Nikimaliza, wasikilizaji wangeweza kumtambua yule ng'ombe hata wangemkuta mnadani katikati ya wenzake. Wengi walipatikana. Nilijiona mtu mkubwa sana, na mpaka leo siamini kama kuna chuo kingenifundisha zaidi ya pale.

Televisheni ya Nairobi ilipotafuta mtu wa upande wetu, walinichukua kwa kulipwa kila habari inapotoka. Niliripoti malori ya mahindi yaliyokwama Sirari. Niliripoti nyumbu kwenye kingo za Mto Mara, nikawasubiri wavuke mpaka nikawachukia, na walipovuka nikapiga yowe la furaha ambalo ilibidi likatwe kwenye sauti. Niliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Kulipokucha nilikuwa nimeshavaa viatu, nangoja simu iite. Ila kwa muda wote huo nilikuwa sauti tu. Picha zinapita, mimi nasikika, uso haupo.

Ndipo mhariri wa habari za nje, mama mmoja mwenye sauti ya haraka, akanipigia.

"Sikia, sauti yako naipenda," akasema. "Lakini televisheni si redio. Wakubwa wanataka kuajiri mtu mmoja wa Tanzania, mkataba kabisa. Wanataka kuona uso. Nitakupea nafasi uende hewani moja kwa moja, mara moja tu. Ukiweza, kazi ni yako. Usipoweza, nitachukua yule kijana wa Mwanza."

Yule kijana wa Mwanza nilikuwa nimemwona kwenye taarifa. Ana suti. Ana meno. Anasema "mubashara" kama vile neno hilo alizaliwa nalo. Nilimwambia mhariri niko tayari, nikakata simu, nikarukaruka sebuleni mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kama nimeumwa na siafu.

Habari yenyewe ilikuja bila kuitwa. Asubuhi moja, nikiwa Tarime mjini, mume wangu alinipigia kutoka kijijini, Gorong'a, alikokwenda kumsaidia baba yake kuvuna. Alikuwa anaongea huku anakimbia. Tembo walikuwa wametoka hifadhini, wamevuka mto, wamekula mahindi ya baba yake alfajiri, na sasa wamejificha kwenye kichaka chini ya shamba. Kundi zima, na watoto.

"Tata yuko wapi?" nilimuuliza. Tata ni baba kwa Kikurya, na kwangu ndiye baba mkwe.

"Ameenda mnadani tangu jana, hata hajui. Njoo!"

Naomba nieleze kwa nini niliuliza. Kwetu baba mkwe na mkamwana wana soni. Si ugomvi, ni heshima, tena kubwa. Hatupeani mikono, hatuketi chumba kimoja, hatutazamani usoni. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye ninayetoka njiani. Naingia kwenye majani, nainamisha macho, nasema shikamoo Tata, naye anaitikia marahaba huku ameangalia milima, anapita. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mtu mwingine, nami nikiwepo nasikia. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa, na siku hizi hata sifikirii. Mwili unafanya wenyewe, kama mtu anavyofumba jicho vumbi likija.

Nilimpigia mhariri, akasema taarifa ya saa saba mchana, tunakuja kwako. Nikamchukua mpiga picha wangu, Mjaluo wa Sirari, mtu mzima, mcheshi, asiyeogopa kitu isipokuwa nyoka na mke wake. Tulibeba lile begi la kurushia picha, ambalo ndani lina laini za simu za mitandao yote, tukaondoka mbio. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu mbele ya kioo cha gari.

Tulikuta watu wamejaa juu ya shamba. Askari wa wanyamapori walikuwa wamewazuia wasishuke. Chini, kichaka kilikuwa kinatikisika, mara mkonga unainuka, mara sikio linapepea kati ya matawi, na kila mara watu wote wanasema "Eee!" kwa pamoja. Moyo ulikuwa unanienda mbio na sikutaka utulie. Mpiga picha alinisimamisha katikati ya njia inayopita kando ya shamba, ili kichaka kionekane juu ya bega langu. Nikavaa kifaa cha sikioni. Nikamsikia mtangazaji wa Nairobi, yule mkunja uso mwenyewe, akitamka jina langu.

Nilianza vizuri. Nasema kweli, nilianza vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilimweleza yule tembo jike mkubwa kama nilivyokuwa nawaeleza ng'ombe redioni: pembe yake ya kushoto imekatika katikati, sikio la kulia lina pengo, watoto wanajificha chini ya tumbo lake, na kila akisikia debe likigongwa anageuka upande wa mto. Nilikuwa naona aibu yote imenitoka. Nilijisemea moyoni, kijana wa Mwanza, pole sana.

Hapo ndipo nikamwona Tata. Habari zilikuwa zimemfikia mnadani, na alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye ile njia, fimbo mkononi, kofia kichwani, akitembea kwa hasira ya mtu aliyeliwa mahindi.

Nikatoka njiani.

Sikuamua. Miguu iliamua. Katikati ya sentensi niliingia kwenye majani, nikainamisha macho, nikasema, "Shikamoo Tata." Nchi nzima ya Kenya ikabaki inatazama njia tupu.

Naye aliponitambua alifanya kama anavyofanya siku zote, akageuza uso upande wa pili. Kwa bahati upande huo wa pili ulikuwa na kamera. Akasimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi, ametazamana nayo ana kwa ana, akamuuliza mpiga picha, "Huyo mama anafanya nini kwenye majani?"

"Yuko kazini, mzee," mpiga picha akamjibu, bila kutikisa kamera. Mungu ambariki mtu yule. "Anawapa watu habari za tembo."

"Habari gani, na mwenye shamba hajafika?"

Sikioni mtangazaji alikuwa ananiita, naona tuna mgeni, hebu tumsikie. Mimi na majani yangu mpaka magotini nikashika maiki kwa mikono miwili. "Muulize Tata wamekula kiasi gani," nikamwambia mpiga picha.

"Mzee, wamekula kiasi gani?"

"Wamekula palipoiva, pabichi wameniachia," Tata akasema. "Hao si wezi. Mwizi ukimwona anakimbia. Hao unawaona, nao wanakuona, wanaendelea kutafuna. Yule jike mwenye pembe moja na nusu namfahamu. Alikuja akiwa na mtoto mmoja, leo ameleta ukoo."

Watu nyuma yake walicheka. Nilimuuliza mengine kupitia kwa mpiga picha, akajibu kila moja akiitazama kamera kama anamtazama mtu anayemdai majibu, na muda ukaisha. Mtangazaji akamshukuru mzee kwa jina alilojitungia mwenyewe, Babu wa Tembo. Mimi hakunishukuru. Hakuwa na uhakika kama nipo.

Simu ya mhariri iliita hata kabla sijavua kifaa sikioni.

"Wewe ulipotelea wapi?" akauliza. "Nimeona ndovu, nimeona mzee, wewe nimeona mgongo ukienda zake!"

Nikamweleza. Yule ni baba wa mume wangu, nikasema, na mimi siwezi kusimama mbele yake. Mhariri akasema kwao pia mama mkwe haketi na mkwe wake, anaelewa, tena anaelewa sana. "Lakini mkubwa wangu haelewi. Yeye anasema amesikia sauti, na sauti alishaijua. Sikia, watu wamempenda huyo mzee, wanamuulizia. Saa kumi jioni tunarudi kwako. Nataka nione nyinyi wawili, wewe na yeye, picha moja. Nimekuombea hiyo nafasi kwa kupiga magoti. Nyingine hakuna."

Nilikaa kwenye bodi ya gari nikiwa nimekasirika hasa. Nilimkasirikia mhariri, nikamkasirikia mkubwa wake, nikawakasirikia tembo. Nikamkasirikia na yule kijana wa Mwanza ambaye hakunikosea chochote. Kazi niliyoitamani tangu nilipokuwa nasoma ng'ombe redioni ilikuwa mbele yangu, na bei yake ni kusimama bega kwa bega na Tata mbele ya kijiji kizima na nchi jirani. Mume wangu alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi nataka uipate hiyo kazi," akasema. "Ila Tata usimwombe hilo. Hatakukatalia kwa mdomo. Atakwenda tu, na kesho hutamwona, na keshokutwa hutamwona."

Nilijua anasema kweli. Baba mkwe wangu hajawahi kunifokea wala kunisema vibaya, na nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza alichinja fahali na kukaa nje ya nyumba mpaka aliposikia mtoto akilia. Mtu wa namna hiyo humvunjii heshima kwa ajili ya mkataba. Nilishika simu nimwambie mhariri ampe kazi mwenzangu. Machozi yalinitoka, siyafichi.

Mpiga picha alikuwa anarandaranda bomani kwa Tata akitafuta mahali pa kuweka mguu wa kamera, maana kutoka pale juu kichaka chote kinaonekana. Akaniita nihukumu. Pembeni mwa boma, mahali mteremko unapoanzia, kuna kihenge kikubwa cha kuhifadhia ulezi, kimesukwa kwa fito na kuezekwa nyasi. "Hiki kinaniziba," akalalamika. "Nikisimama hapa naona huku na naona huku, katikati ni kihenge tu."

Nikasema, "Rudia."

"Nimesema kinaniziba."

Nilianza kucheka, machozi bado yako shavuni. Kihenge kile ndicho mahali pekee ambapo mimi na Tata tunaongea. Ndivyo tulivyozoea pale nyumbani. Mimi nachambua ulezi upande huu, yeye anakuja kuketi upande ule kwenye kigogo, na tunazungumza kutwa nzima bila kuonana: mvua, watoto wa shule, siasa, bei ya dawa ya kupe. Anaongea sana akiwa pale. Ananitania hata. Na kamera haikuhitaji tuonane sisi. Ilihitaji ituone yenyewe.

Nilimtuma mpiga picha kwa Tata. Nikamwambia aeleze kila kitu, asifiche hata kwamba ni kazi yangu inayotafutwa, na akisema hapana, arudi bila kubembeleza. Nilimwona kwa mbali anainama, anaonyesha kihenge, anapima kwa mikono. Tata aliangalia chini kwa muda. Akauliza kitu. Akajibiwa. Halafu akaingia nyumbani kwake akafunga mlango, na mimi nikasema basi, imekwisha.

Saa kumi ilipokaribia mlango ukafunguliwa. Tata alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akatembea akiangalia milima, akaenda akaketi kwenye kigogo chake, upande wake wa kihenge, akaweka fimbo magotini.

"Mwambieni aje," akasema. "Hiyo Kenya inangoja."

Nilisimama upande wangu. Katikati yetu kihenge, chini yetu shamba, mbali kichaka. Mpiga picha akainua dole gumba. Mtangazaji akatamka jina langu, na safari hii nilimwangalia yeye na nchi yake yote machoni, nikasema, "Niko Gorong'a, wilaya ya Tarime, nyumbani kwa mzee mliyemsikia mchana, naye yuko hapa pamoja nami."

Nikamuuliza Tata swali. Akalijibu kupitia kihenge, kama siku zote. Nikamuuliza la pili, akanitania kwamba nauliza kama askari. Nilisahau kabisa kamera. Alikuwa ananieleza jinsi zamani walivyokuwa wanalinda mashamba kwa moshi, ndipo watu kule chini wakapiga kelele na kichaka kikafunguka. Tembo walitoka! Wote, yule jike mbele, watoto katikati, wakashuka kuelekea mtoni kwa mwendo wa haraka, vumbi limewafunika miguu.

"Mama, wanaondoka! Unawaona?" Tata akapaza sauti.

"Nawaona, Tata! Jike ndiye wa mbele!"

"Si nilikuambia! Hesabu watoto!"

"Hawahesabiki, wanapishana!"

Tulikuwa tunapiga kelele sote wawili, mmoja huku mmoja kule, mimi nimesahau Kiswahili cha Nairobi na cha Tanzania vilevile, yeye amesimama na fimbo ameielekeza mtoni. Mtangazaji hakuingilia hata kidogo. Wa mwisho alipopotea kwenye miti, nilikumbuka kwamba nina kazi, nikasema jina langu na mahali nilipo, nikanyamaza.

Mhariri alipiga akicheka na kulia. "Imetosha," akasema. "Kazi ni yako. Yako kabisa. Na huo ukuta wa nyasi, nani alifikiria?" Nilikuwa nimeshamrukia mpiga picha shingoni, naye ananiomba nisimvunjie kamera.

Jua lilipokuwa linazama nilikuwa jikoni na mama mkwe, nasonga ugali. Wanaume waliketi nje, na kati yao na sisi ulikuwepo ukuta wa udongo tu. Nilimsikia mume wangu akisema, "Tata, ile habari wameituma kwenye simu. Unataka kuiona?"

Nikaacha kusonga. Kila taarifa yangu ikitoka, hata ile ya sauti tupu, Tata alikuwa anatoka sebuleni na kwenda kusikilizia nje, na hakuna aliyewahi kumshauri vingine.

"Kwenye hiyo simu," akauliza taratibu, "yeye ananiona?"

"Hapana, Tata. Ni picha tu. Wewe ndiye unayemwona."

Mama mkwe aliniangalia, akaangalia moto.

"Lete."

Nikaisikia sauti yangu ikianza, Niko Gorong'a, wilaya ya Tarime. Nikasikia kelele zetu, tembo, vumbi, mpaka mwisho. Tata akaomba irudiwe. Ikaanza upya, Niko Gorong'a, na kabla haijafika mbali akasema, "Simamisha hapo."

Sauti ikakatika. Mume wangu alikuwa ameisimamisha kwenye uso wangu.

"Kumbe ndivyo alivyo," Tata akasema.

Nilisimama na mwiko mkononi, sikutikisika, mpaka akamaliza kuniangalia.